Nimealikwa kuwa jaji wa tuzo za biashara baada ya kustaafu: nikubali kwa masharti gani?

Mstaafu wa Alizeti, Singida, ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Niliongoza kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Singida hadi nilipostaafu, na sasa chama kimoja cha wafanyabiashara cha kanda yetu kimeniandikia barua kuniomba niwe mmoja wa majaji watano wa tuzo za biashara ndogo na za kati. Barua ni ya heshima na sikatai kwamba imenifurahisha, lakini nilipoirudia niliona kwamba ukurasa mzima unaeleza ukumbi, chakula na mpangilio wa wageni, ilhali kazi ya majaji imepewa aya moja: tutapokea fomu za washiriki, tutatoa alama kwa vigezo vilivyoambatishwa, kisha tutakutana asubuhi ya siku ya hafla ili tukubaliane juu ya washindi.

Linalonisumbua zaidi ni ukaribu wangu na washiriki. Sekta ya alizeti kati ya Singida na Dodoma ni ndogo kiasi kwamba kila mwenye mashine anamjua mwenzake. Katika orodha niliyodokezwa yumo aliyekuwa akiniuzia mbegu, yumo aliyekuwa akinunua mashudu yetu kwa ajili ya chakula cha mifugo, na yumo kijana niliyemwajiri mwenyewe kabla hajaondoka kwenda kuanzisha kiwanda chake. Ukitafuta jaji anayeijua biashara hii lazima utampata anayewajua wafanyabiashara wake, na mimi sioni namna ya kupata kimoja bila kingine.

Kuna pia suala la mdhamini. Benki inayogharamia tuzo imemteua meneja wake awe jaji mwenzetu, na baadhi ya washiriki ni wakopaji wa benki hiyohiyo. Simshuku kwa lolote, ila naona nafasi yake ni ngumu kuliko yangu.

Mwisho nauliza kwa dhati kabisa: mtu kama mimi analeta nini kwenye jopo ambacho mkaguzi wa hesabu hawezi kukileta? Kama jibu ni jina na mvi tu, nitaomba radhi nibaki nyumbani. Ningeshukuru kusikia kutoka kwa waliowahi kukaa kwenye majopo ya namna hii, na vilevile kutoka kwa waliowahi kushindanishwa.

Mhandisi wa Viwanda, Morogoro, amejibu:

Mzee mwenzangu, salaam. Ushauri wangu ni kwamba ukubali, lakini usikubali barua hiyo kama ilivyo.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu lina jibu. Jopo mojawapo nililokaa lilipokea fomu ya kinu cha nafaka kilichodai kwamba uzalishaji wake umeongezeka maradufu ndani ya mwaka mmoja. Hesabu zilikuwa zimekaguliwa, na mhasibu aliyekuwa miongoni mwetu hakuona kasoro yoyote. Mwenzetu mmoja, ambaye alikuwa ameendesha kiwanda cha unga kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, hakuuliza habari za mauzo hata kidogo. Aliomba bili za umeme za mwaka huo na za mwaka uliotangulia, kisha akaomba azungumze na mtunza stoo badala ya mkurugenzi. Bili zilikuwa karibu sawa kwa miaka yote miwili, na daftari la stoo lilionyesha shehena za unga uliokuwa umesagwa kwingine, ukaingia hapo na kutoka ukiwa kwenye mifuko yenye nembo ya kinu. Mauzo yalikuwa ya kweli na kodi ilikuwa imelipwa, kwa hiyo mkaguzi hakuwa na la kulalamikia. Lakini tuzo iliyokuwa ikiombwa ilikuwa ya uzalishaji. Aliyekwisha kulipia umeme wa mashine za kusaga anajua kwamba unga mara mbili hautoki kwenye umeme uleule. Hicho ndicho unachokileta, Mzee, na hakimo katika fomu yoyote.

Kuhusu ukaribu, wengine wameshaupitia mtihani huo kwa kiwango kikubwa kuliko chetu. Marekani walianzisha tuzo ya taifa ya ubora kwa sheria ya mwaka 1987, wakaipa jina la Malcolm Baldrige, aliyekuwa Waziri wa Biashara na kufariki mwaka huohuo. Washindi wa kwanza, Motorola wakiwamo, walitunukiwa mwaka 1988. Waliopima waombaji kwa miaka mingi walikuwa watu wa kujitolea waliotoka viwandani, hospitalini na vyuoni, yaani watu wenye marafiki na wapinzani katika sekta zao kama wewe. Waandaaji hawakujaribu kutafuta watu wasiojuana na mtu. Walichofanya ni kuwataka waandike mapema wamewahi kufanya kazi wapi, wana hisa wapi, wanamuuzia nani na wananunua kwa nani, na mtu hakupangiwa fomu ya mwajiri wake wa zamani, mteja wake wala mshindani wake. Kisha kila mpimaji alisoma fomu peke yake na kuandika maoni na alama zake kabla ya kukutana na wenzake, na waombaji waliofika mbali walitembelewa na timu kwenye maeneo yao ya kazi. Mwombaji, awe ameshinda au ameshindwa, alipata ripoti ya maandishi.

Kwa hali yako, hao watatu uliowataja uwaandike kwa majina kwenye barua utakayompelekea mwenyekiti wa jopo, na wanapojadiliwa utoke chumbani. Kukaa kimya tu huku umekaa mezani hakutoshi, kwa sababu wenzako watausoma uso wako.

Jambo moja limenishtua katika barua yao. Ikiwa mnakutana asubuhi ya hafla ili kukubaliana juu ya washindi, waulize vikombe vinachongwa majina lini. Fundi wa kuchonga hafanyi kazi hiyo kwa saa chache, kwa hiyo ama vikombe havitakuwa na majina, ama washindi watakuwa wameshajulikana kabla ninyi hamjaketi.

Mhasibu, Nairobi, amejibu:

Mzee, pokea salamu kutoka Nairobi. Mhandisi amesema vizuri, ila ningependa kuwaonya wanajukwaa wasije wakadhani kwamba uzoefu wa uongozi ni kinga. Viongozi wa biashara wanapoulizwa wawapime viongozi wenzao, mara nyingi wanapima sifa waliyoisikia.

Jarida la Fortune liliitaja Enron, kampuni ya nishati, kuwa kampuni bunifu kuliko zote Marekani kwa miaka sita mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2001. Sifa hiyo ilitokana na kura za wakurugenzi, wajumbe wa bodi na wachambuzi wa masoko ya hisa, watu ambao kwa miaka yao ya kazi wangestahili kiti kwenye jopo lolote. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Andrew Fastow, aliyekuwa mkuu wa fedha wa kampuni hiyo, alikuwa ametunukiwa tuzo na CFO, jarida la wakuu wa fedha wa kampuni, mwaka 1999 kwa umahiri wake katika kupanga mtaji. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa sababu ya mipango hiyohiyo. Hakuna aliyewahonga wapiga kura wale. Walikuwa wakisoma magazeti yaleyale na kuhudhuria mikutano ileile, na hawakuwa na mahali pa kuomba bili ya umeme.

Hata utaratibu wa Baldrige ambao Mhandisi ameusifu ulijikwaa mapema. Kampuni ya Wallace ya Houston, iliyokuwa ikiuza mabomba na vali, ilishinda mwaka 1990 katika kundi la biashara ndogo, na mapema mwaka 1992 ilikuwa imeomba kinga ya kufilisika. Wapimaji walikuwa wameona ubora wa kweli wa huduma. Ambacho vigezo vya wakati ule havikukipa uzito wa kutosha ni kama ubora huo unajilipia. Baadaye uzito wa matokeo uliongezwa hadi kufikia alama 450 kati ya 1,000. Kwa hiyo, Mzee, kabla hujapokea fomu hata moja, vipime vigezo vyenyewe. Kama matokeo ya biashara yamepewa alama chache kuliko "maono" na "ubunifu", mshindi wenu atakuwa mzungumzaji hodari.

Ni vema pia kutofautisha aina za tuzo. Hapa Kenya, orodha ya kampuni 100 bora za kati iliyoendeshwa na kampuni ya habari ya Nation Media Group pamoja na KPMG, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, ilipokea kampuni zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 70 na bilioni moja, na msingi wake ulikuwa hesabu zilizokaguliwa na uwiano unaotokana nazo. Huko nafasi ya mzee wa kiwanda ni ndogo. Nafasi yake inakuja pale ambapo tarakimu za kampuni mbili zinafanana na lazima mtu aseme ni ipi kati yake itakuwapo miaka mitano ijayo. Ndiyo maana ningependekeza kwamba wahasibu wawili wazichuje fomu kwanza, wathibitishe hesabu, ulipaji wa kodi na michango ya wafanyakazi ya hifadhi ya jamii, ili ninyi watano msiipoteze siku mkijumlisha.

Neno la mwisho ni kuhusu alama. Msikubali wastani ufiche ugomvi. Jaji mmoja akitoa 90 na mwingine 40 kwa mshiriki huyohuyo, 65 si jibu; mmoja wao ameona kitu ambacho mwingine hakukiona, na hicho ndicho cha kujadiliwa.

Msafirishaji wa Parachichi, Njombe, amejibu:

Shikamoo Mzee, shikamooni wakubwa wote mliotangulia. Mimi nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, na naomba niseme yale ambayo mshiriki huwa hawezi kuyasema mbele ya majaji.

Tabia inayotuumiza kuliko upendeleo ni ile ya jaji kutafuta kampuni inayofanana na aliyoijenga yeye. Katika shindano moja, jaji aliyekuwa ameongoza kampuni kubwa ya ujenzi alitumia muda wangu karibu wote akinieleza kwamba biashara isiyo na majengo yake si biashara, kwa kuwa nilisema nakodi nyumba ya kupangia matunda kwa msimu. Hakuniuliza gharama ya kukodi ni kiasi gani wala jengo lingekaa tupu kwa miezi mingapi baada ya msimu. Alikuwa na uzoefu mkubwa, lakini uzoefu wenyewe ulikuwa umeziba masikio yake.

Katika shindano hilohilo alikuwapo mama mmoja aliyewahi kusafirisha minofu ya samaki kutoka Mwanza. Yeye aliuliza swali moja fupi: "Matunda yanayokataliwa na mnunuzi unayapeleka wapi, na kwa bei gani?" Hajawahi kulima parachichi, ila alijua kwamba mwenye kuuza bidhaa inayooza hupata au hukosa faida yake kwenye kile kilichokataliwa. Nilipomjibu kwamba yanakwenda kwenye kukamua mafuta kwa bei isiyofikia hata gharama ya kuyachuma, alininyang'anya alama, na alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani nikatafuta mnunuzi wa pili wa daraja la chini. Sikushinda, lakini nililipwa.

Kwa hiyo simkatai jaji aliyetoka sekta nyingine, mradi awe amewahi kubeba hasara mwenyewe. Fainali ya kwanza ya Africa's Business Heroes, shindano la wajasiriamali wa Afrika, iliyofanyika Accra mwaka 2019, ilikuwa na majaji wa aina hiyo: Strive Masiyiwa, ambaye alipigania leseni ya simu dhidi ya serikali ya Zimbabwe mahakamani kwa miaka kabla ya kampuni yake ya simu, Econet, kuanza kufanya kazi, Ibukun Awosika, aliyeanza na samani nchini Nigeria kabla hajawa mwenyekiti wa benki, pamoja na Jack Ma na Joe Tsai wa Alibaba, kampuni ya Kichina ya biashara ya mtandaoni. Christelle Kwizera wa Water Access Rwanda alishika nafasi ya tatu na kupata dola 100,000. Hakuna kati ya majaji hao aliyetoka kwenye biashara ya maji ya vijijini, lakini wote walijua maana ya kuomba mtaji na kukataliwa.

Ombi langu kwenu ni muda na maandishi. Mshiriki anatumia majuma kuandaa fomu na hesabu, kisha anapewa dakika kumi, nusu yake jaji akihutubia. Na tukishindwa, hatuambiwi chochote. Aya moja tu yenye kueleza mlichokiona ingetutosha, hata kama ni kali.

Mratibu wa Tuzo, Dar es Salaam, amejibu:

Nimewahi kuratibu tuzo za aina hii, kwa hiyo nitagusa suala la mdhamini, ambalo wengine wamelikwepa kwa adabu.

Ukweli ni kwamba tuzo nyingi haziwezi kufanyika bila mdhamini, na mdhamini hutaka kuonekana. Apewe jukwaa, apewe bango, akabidhi kikombe, lakini asipewe kura. Meneja wa benki ana tatizo hata kama ni mwaminifu kuliko sisi sote, kwa sababu anazijua taarifa za wakopaji wake ambazo majaji wengine hawazijui. Akizitumia amevunja siri ya mteja. Asipozitumia anatoa alama kinyume cha anachokijua. Kumwondoa ni kumsaidia. Mzee, ukilieleza hivyo kwa chama, hakuna atakayeona umemtuhumu mtu.

La pili ni jina lako. Siku hizi zimejaa tuzo za kununua: kampuni inapokea barua kwamba imeteuliwa, kisha inatakiwa kulipia meza, kikombe na picha, na kila anayelipa anashinda kitu. Tuzo hizo huhitaji majina mawili matatu ya wazee wanaoheshimika ili zionekane za kweli, na wazee hao mara nyingi hawakuona fomu hata moja. Waulize waandaaji mambo haya kwa maandishi: je, mshiriki analipia chochote, na kama analipa, aliyeshindwa naye analipa sawasawa? Je, karatasi za alama zilizosainiwa na majaji zitakwenda kwa mkaguzi wa nje kabla ya kutangazwa? Je, jopo lina mamlaka ya kutompa mtu tuzo katika kundi ambalo hakuna anayestahili? Swali hili la mwisho huwakera waandaaji kuliko yote, kwa sababu kikombe kimeshalipiwa na mgeni rasmi ameshaandaliwa. Wakikubali, ujue wana nia njema.

Na uombe haki ya kuondoa jina lako iwapo matokeo yatakayotangazwa yatatofautiana na mliyoyasaini.

Mstaafu wa Alizeti, Singida, ameandika tena:

Nawashukuru wote, na binti yangu wa Njombe, marahaba. Nimeandika barua ya kukubali yenye masharti: kikao cha majaji kifanyike angalau juma moja kabla ya hafla, kila jaji awasilishe alama zake kwa maandishi kabla ya mjadala, washiriki wanaofika hatua ya mwisho watembelewe, meneja wa benki akabidhi tuzo bila kupiga kura, na kila aliyeshindwa apewe maelezo. Wale watatu ninaowafahamu nimewataja kwa majina, na nimemwongeza wa nne, kwani nimekumbuka kwamba mke wangu ana hisa katika kampuni yake ya usafirishaji.

Limebaki jambo moja ambalo naona haya kuliuliza kwenye barua: posho. Je, jaji apokee?

Mratibu wa Tuzo, Dar es Salaam, amejibu:

Apokee nauli, malazi na posho ya siku, mradi majaji wote wapate kiwango kimoja, kitajwe kwenye barua ya uteuzi, na kilipwe na chama, wala si na mdhamini moja kwa moja. Posho inayotolewa ndani ya bahasha usiku wa hafla uikatae. Kwenye ziara za kiwandani maji ya kunywa na chai havina ubaya, lakini dumu la mafuta litakalowekwa kwenye gari lako lirudishwe hapohapo, dereva akishuhudia, kwa kuwa dereva ndiye atakayeulizwa habari hiyo mtaani.

Mhandisi wa Viwanda, Morogoro, amejibu:

Naongeza moja tu. Baada ya tuzo utapigiwa simu na washiriki wakitaka uwe mshauri wao wa kulipwa, na wengi watakuwa na nia safi kabisa, maana maswali yako yatakuwa yamewafungua macho. Waambie wakutafute baada ya mwaka mmoja, na sharti hilo uliweke kwenye barua hiyohiyo kabla hujaituma.